Uyoga Hula Sumu, Lakini Si Kila Sumu

Neno moja limeingia katika vijiji vyetu vya Katanga, na vijana ndio walioleta. Wasema: "Uyoga hula sumu. Wataalamu wa Marekani wamekwisha jaribu. Udongo ulioharibiwa na viwanda waweza kutakaswa na uyoga tu." Neno hilo ni kweli kwa nusu yake. Nayo nusu ya kweli ina hatari kuliko uwongo mtupu. Uwongo mtupu watu huutambua upesi na kuufukuza. Nusu ya kweli hubisha hodi, hukaribishwa, hupewa kiti. Kwa hiyo nimeona vema kuandika nusu zote mbili hapa, ili kila mtu apime mwenyewe.

Kwetu sisi jambo hili si la mchezo. Twakaa juu ya shaba na kobalti. Tangu mwaka 1911, tanuru la Lubumbashi lilipoanza kuyeyusha shaba, moshi na vumbi la viwanda vimeanguka juu ya nchi hii miaka mingi. Tena sisi ni walaji wa uyoga tangu mababu. Mvua za Novemba zikikwisha kushika, akina mama na watoto huingia porini alfajiri, na kabla ya saa nne mabeseni yamejaa bowa kando ya barabara: tente, chitondo, na ule uyoga mkubwa wa kichuguu ambao mmoja wake watosha kitoweo cha nyumba nzima. Basi mtu akisema "uyoga hula sumu," amegusa shamba letu na chungu chetu kwa pamoja. Yafaa tujue anasema nini.

Uyoga ni kitu gani?

Nilipokuwa seminarini, padri mmoja alitufundisha elimu ya viumbe. Neno lake la kwanza juu ya uyoga lilitushangaza: "Uyoga si mmea." Mmea una majani mabichi, na kwa mwanga wa jua hujipikia chakula chake mwenyewe. Uyoga hauna majani mabichi. Hauwezi kujipikia. Hutafuta chakula kilichokwisha kupikwa na wengine: mti ulioanguka, majani makavu, mizizi, kinyesi cha wanyama.

Tena kile tunachochuma si mwili wa uyoga. Ni tunda lake tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zilizotambaa ndani ya gogo au chini ya udongo. Fukua majani yaliyooza chini ya mti wakati wa masika, utaziona kama utando wa buibui. Nyuzi hizo ndizo zinazofanya kazi mwaka mzima, na tunda latokea siku chache tu.

Nazo zinakula namna gani? Mtu hula kwanza, kisha huyeyusha chakula tumboni. Uyoga hufanya kinyume: huyeyusha kwanza, kisha hula. Hutoa nje ya mwili wake maji yenye nguvu, na ndani ya maji hayo mna vitu vinavyoitwa enzimu. Enzimu si kitu cha ajabu; hata mate yetu yanazo. Tafuna muhogo kwa muda mrefu bila kumeza, utaonja utamu: ni enzimu ya mate iliyoanza kuvunja wanga kuwa sukari. Uyoga hutema mate yake juu ya gogo, hungoja gogo lilainike, kisha hunywa.

Lakini uyoga wote haufanyi kazi moja. Kwa njia ya kutafuta chakula twaweza kuugawa katika makabila matatu. Kabila la kwanza hukaa na mizizi ya miti iliyo hai, huipa maji na madini ya udongo, nayo miti huupa sukari. Tente na chitondo ni wa kabila hili; ndiyo maana ukikata msitu wote hutawaona tena, hata mvua ikinyesha namna gani. Kabila la pili ni uyoga wa vichuguu: mchwa wenyewe ni wakulima, hutafuna majani na vijiti, hujenga vitalu ndani ya kichuguu, na kuuotesha uyoga humo ili uwalainishie chakula. Kabila la tatu ni uyoga uozeshao miti. Hilo ndilo ambalo wataalamu walilishika kwa kazi ya kuvunja sumu. Ukisikia mtu anasema "uyoga" bila kusema ni kabila gani, mwulize.

Kwa nini uyoga wa magogo waweza kuvunja sumu

Katika masomo ya watoto nilikuwa na desturi ya kuleta vipande viwili vya mti uliooza. Kipande kimoja kilikuwa cha rangi ya kahawia, kimekatika katika vipande vya pembe nne, nacho kikiguswa husagika kama tumbaku. Kingine kilikuwa cheupe na laini, chenye nyuzinyuzi kama pamba iliyolowa. Niliwauliza: "Miti hii imeoza sawasawa?" Wote walisema hapana, na walisema vema.

Mti umejengwa kwa vitu viwili vikubwa. Kimoja ni nyuzi nyeupe ambazo kiwandani hutengenezwa karatasi. Kingine ni gundi ngumu ya rangi ya kahawia inayozishika nyuzi hizo, nayo huitwa lignini. Nyuzi ni kama fito, na lignini ni kama udongo uliokandikwa juu ya fito. Uyoga wa namna moja hula fito na kuacha udongo: mti hubaki wa kahawia. Uyoga wa namna nyingine huvunja udongo wenyewe: mti hubaki mweupe. Nao wenye kuvunja lignini namna hii ni wachache katika dunia nzima.

Kwa nini lignini ni ngumu hivyo? Kwa sababu haina mpango mmoja. Vyakula vingi vimeungwa kwa kifungo cha namna moja kinachorudiwa, na enzimu moja ni kama ufunguo wa kufuli moja: hufungua kifungo hicho tangu mwanzo hata mwisho. Lignini ni pete za kaboni zilizoshikamana ovyo, huku hivi na kule vingine, kama ukuta wa mawe yasiyolingana. Hakuna ufunguo mmoja wa kuufungua. Basi uyoga mweupeshaji hautumii ufunguo, hutumia nyundo. Hutengeneza maji ya oksijeni, yale yale ambayo muuguzi wa dispensari humimina juu ya kidonda yakatoa povu. Kwa nguvu ya maji hayo, enzimu zake hushika pete za kaboni na kuzinyang'anya kitu kidogo sana kinachoitwa elektroni, na pete ikikosa hicho hulegea na kuvunjika.

Hapa ndipo siri ilipo. Ufunguo huchagua kufuli, lakini nyundo haichagui. Sumu nyingi za viwanda nazo zimejengwa kwa pete za kaboni: lami, sehemu ngumu za mafuta ya mashini, dawa za kuua wadudu, dawa za kupaka mbao zisiliwe. Uyoga haukuumbwa kwa ajili ya sumu hizo, wala hauzijui. Unatafuta lignini, nazo sumu zikiwa karibu hupigwa kwa nyundo ile ile.

Mambo waliyoyaona wataalamu

Mwaka 1983 Ming Tien na Kent Kirk, waliokuwa katika maabara ya serikali ya Marekani ya kuchunguza mbao, mjini Madison, walitangaza kwamba wameipata moja ya enzimu hizo katika uyoga uitwao Phanerochaete chrysosporium. Usitafute tunda lake la kupika. Ni ukoko tu juu ya mbao. Mwaka 1985 John Bumpus na Steven Aust pamoja na wenzao, katika Michigan, waliandika kwamba uyoga huo huo ulikuwa umevunja, ndani ya chupa za maabara, DDT na dawa nyingine ya wadudu iitwayo lindani, pamoja na dioksini iliyo kali kuliko zote, na sumu za ukoo wa PCB, zile zilizokuwa zikitiwa katika mafuta ya transfoma za umeme. Watu wengi wenye elimu walistaajabu. Sumu hizo hukaa udongoni miaka na miaka, na hapa kiumbe kimoja cha porini kilikuwa kimeanza kuzivunja, hata sehemu yake kuwa hewa ile ile tunayoitoa puani.

Lakini chupa ya maabara si shamba. Richard Lamar na Diane Dietrich walikwenda nje, katika jimbo la Wisconsin, mahali udongo ulipoharibiwa na dawa ya kuhifadhi mbao iitwayo pentaklorofenoli. Kila kilo ya udongo ilikuwa na miligramu 250 hadi 400 za dawa hiyo. Wakachanganya udongo na mboji ili uyoga upate chakula, wakatia nyuzi za uyoga wa jamii hiyo, wakangoja. Baada ya majuma 6 na nusu, sumu ilikuwa imepungua kwa sehemu 88 hadi 91 katika kila mia. Habari hiyo waliitoa mwaka 1990.

Wengi husoma mpaka hapo, wakapiga makofi, wakafunga kitabu. Lakini hao wataalamu walikuwa watu waaminifu, wakaandika na mengine. Sehemu 8 hadi 13 katika mia ya kile kilichopungua hazikuwa zimevunjika, bali zilikuwa zimegeuka kuwa kitu kingine kilicho ndugu wa sumu ya kwanza. Na sehemu kubwa ya iliyobaki ilikuwa imefungamana na udongo wenyewe, hata haikuweza kutolewa tena kwa dawa za maabara. Sumu iliyofungwa si sawa na sumu iliyokufa. Mwizi aliyefungwa gerezani hawezi kukuibia leo, lakini mwenye akili haachi kuulizia kama mlango bado umefungwa.

Tena kazi hiyo ina masharti. Uyoga wataka unyevu, hewa na joto la kiasi. Wataka chakula chake, yaani unga wa mbao au majani makavu mengi, kwa maana hauwezi kuishi kwa sumu peke yake. Wataka ulinzi, kwani udongo una wadudu na viumbe vidogo elfu vinavyougombania. Na wataka mtu wa kupima kabla na baada. Asiyepima hajui kama ametakasa au amefunika tu.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya kweli, nayo ni njema. Uyoga wa chaza, ule wa kijivu unaomea kwa marundo juu ya magogo na ambao wengi siku hizi huuotesha katika mifuko, nao ni mvunja lignini. Umejaribiwa mara nyingi, ukaonekana waweza kuvunja pete ngumu zilizomo katika mafuta na lami.

Sumu isiyovunjika

Sasa nitasimulia jambo lililotokea kwetu, kwa maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kikundi cha akina mama pamoja na vijana wachache walikuwa wamekusanya franga za kuanza kuotesha uyoga wa chaza. Mmoja wao, mjane mwenye watoto watano, alitoa shamba lake kuwa mahali pa kazi. Shamba hilo liko chini ya kiwanda kimoja cha madini, kando ya kijito ambacho maji yake hubadilika rangi. Miaka kadhaa sasa mahindi yake humea mafupi na ya manjano. Basi walikuwa wamepanga hivi: watalima uyoga juu ya udongo ule ule, uyoga utakula sumu, shamba litapona, nao watauza uyoga sokoni. Faida mbili kwa jembe moja.

Kijana aliyeleta mpango huo ni mtoto wa baba mdogo, naye aliniambia kwa furaha: "Yaya, hata wewe ulitufundisha kwamba uyoga huvunja sumu."

Nikamwambia: "Ndugu yangu, huvunja kile kilichoungwa. Shaba imeungwa na nini?"

Akanyamaza. Yule mama mjane ndiye aliyesema, na swali lake nimelikumbuka sana: "Mwalimu, kama uyoga unakula sumu, kwa nini unatukataza kula uyoga?"

Hapa ndipo ilipo nusu ya pili. Mafuta, lami, DDT ni kama nyumba: matofali yake yakibomolewa, nyumba haipo tena, na matofali yenyewe hayana ubaya. Lakini shaba, kobalti, risasi, kadmi, urani ni kama tofali lenyewe. Haikujengwa na kitu kingine kidogo kuliko yenyewe ambacho uyoga waweza kukitenga. Hakuna enzimu iwezayo kugeuza risasi isiwe risasi. Sisi watu wa Katanga tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya wote. Tanuru huchoma mawe kwa moto mkali kuliko moto wowote wa jikoni, na kinachotoka mwisho ni nini? Ni shaba. Kama moto huo haukuiondoa shaba, je, chungu cha mama kitaiondoa?

Uyoga unapokutana na metali hizo hufanya moja katika mambo mawili. Mara nyingine huzifunga. Wataalamu wa chuo kikuu cha Dundee, katika Uskoti, walionyesha mwaka 2008 kwamba uyoga wa namna fulani waweza kuzungushia urani chumvi ya fosfati, ikawa kama jiwe dogo juu ya nyuzi zake, na jiwe hilo halichukuliwi upesi na maji. Hilo ni jambo la kufaa. Lakini urani haikupotea. Imebadili nguo tu.

Mara nyingine, nyuzi huinywa metali pamoja na maji na kuipeleka juu katika tunda. Hapo uyoga umekuwa mpagazi. Umetwaa mzigo udongoni na kuuweka katika beseni la mama. Mahali pengi duniani uyoga wa porini uliochumwa karibu na matanuru umepimwa, ukakutwa na kadmi, risasi na shaba kuliko uyoga wa mbali. Baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, uyoga wa misitu ya Ulaya ulikusanya sezi yenye mnururisho, na nguruwe wa mwitu wanaokula uyoga wa chini ya ardhi wamekutwa nayo miili yao hata huko Ujerumani, miaka mingi baadaye.

Basi nilimjibu yule mama hivi: "Mama, uyoga ukila mafuta, mafuta huisha. Uyoga ukila shaba, shaba huhama. Nayo huhamia kwa yule atakayeula uyoga."

Akaniuliza tena: "Na tukiuchemsha mara mbili, tukamwaga maji?"

Nikasema: "Maji yatachukua kidogo, mengine yatabaki. Nawe huna mizani ya kujua yaliyobaki ni kiasi gani."

Asiwepo mtu wa kudhani kwamba hizi ni hofu za mwalimu tu. Mwaka 2009 waganga wa chuo kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Waliokuwa wakikaa chini ya kilometa 3 kutoka mgodi au kiwanda walikutwa na kobalti nyingi sana, na watoto zaidi. Wataalamu hao waliandika kwamba kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko chochote kilichokuwa kimepata kuandikwa juu ya watu wa kawaida, wasiofanya kazi kiwandani. Kobalti huingia kwa vumbi, kwa maji, na kwa chakula. Vumbi la barabara hatuwezi kulizuia kwa mkono. Chakula twaweza kukichagua, ijapokuwa si kila siku.

Ya kufanya na ya kutofanya

Kikundi chetu kiliamua jambo la busara. Walihamisha kazi mpaka upande wa pili wa kijiji, mbali na kijito. Wanaotesha uyoga katika mifuko iliyotundikwa chini ya paa la nyasi, nao hutumia majani makavu ya mahindi kutoka mashamba ya juu, na maji ya kisima cha huko. Udongo haugusi kitu. Uyoga wa chaza hauhitaji udongo, wahitaji kitu kikavu cha kuozesha, na hicho wataka kiwe safi. Ukiupa majani yaliyomea kwenye shamba baya, au unga wa mbao zilizopakwa dawa, umeulisha sumu kwa mkono wako.

Kwa ajili ya wasomaji wenye gereji au mashini ya umeme, nasema hivi: mahali mafuta machafu yalipomwagika, uyoga waweza kusaidia. Lakini jambo la kwanza ni kutomwaga tena. Pipa moja la kukusanyia mafuta machafu lafanya kazi kuliko mifuko mia ya uyoga. Na mtu akijaribu kutia nyuzi za uyoga na unga wa mbao juu ya udongo wenye mafuta, tunda litakalotokea hapo lisiliwe na mtu wala nguruwe wala kuku. Mafuta machafu ya gari hayana kaboni tu. Yana pia metali zilizosagika kutoka katika mashini, na hizo, kama tulivyosema, hazivunjiki. Mafuta ya transfoma za zamani yasiguswe kabisa, wala yasitumiwe kwa kukaangia, hata muuzaji akiapa kwamba ni safi. Mataifa mengi, na Kongo ndani yake, yamekubali kwa Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 kuyaondoa yale yenye PCB, na hayaondolewi bure.

Kwa wale wachumao porini: nenda juu ya upepo, usiende chini ya upepo. Huku kwetu upepo wa kiangazi hutoka sana kusini-mashariki, na hivyo vumbi la tanuru la Lubumbashi lilianguka zaidi upande wa kaskazini-magharibi. Huko, mahali paitwapo Penga Penga, miti ilikufa, udongo ukabaki uchi. Usichume kando ya lundo la takataka za madini, wala kando ya kijito kinachotoka kiwandani, wala kandokando ya njia ya malori ya mawe. Nawe mnunuzi, usione haya kumwuliza mama mwenye beseni: "Umechuma wapi?" Mwenye uyoga wa mbali atakuambia kwa kujivuna.

Limebaki shamba la yule mjane. Baada ya mazungumzo yote aliniuliza kwa sauti ndogo: "Na shamba langu, mwalimu?" Sikumdanganya. Nilimwambia ukweli kwamba hakuna uyoga utakaolirudisha kama lilivyokuwa. Kuna msaada mwingine. Huko Penga Penga wataalamu wa Lubumbashi walijaribu kutia chokaa na mboji katika udongo, kisha kupanda majani mafupi ya Microchloa kunthii, ambayo kwa asili humea juu ya vilima vya shaba na kuivumilia. Chokaa hupunguza ukali wa udongo, na shaba haiyeyuki kwa wingi kama kwanza. Majani hufunika udongo, upepo usipeperushe vumbi mpaka kwenye nyumba. Metali yabaki pale pale, imelazwa. Lakini majani hayo si mahindi. Hayalishi watoto watano.

Kwa hiyo kikundi kilikata shauri kwamba mjane apewe fungu lake la uyoga kama yule aliyetoa shamba, ingawa shamba lake halitumiki. Tena wazee wa kijiji wameandika barua kwa wenye kiwanda na kwa ofisi ya serikali kuomba mambo mawili: udongo upimwe, na mama huyo apewe shamba jingine. Jibu halijafika. Wazee wameandika tena, na nakala zinahifadhiwa.

Nimeyaandika haya kwa sababu naona hatari nyingine, kubwa kuliko ile ya beseni. Siku moja mtu aliyechafua nchi aweza kuja kwetu na mfuko wa uyoga na kusema: "Nimewaletea dawa, deni limekwisha." Siku hiyo tuwe na maswali tayari. Sumu yako ni ya namna gani: ile inayovunjika au ile inayohama? Umepima kiasi gani kabla, na nani atapima baadaye? Uyoga utakaotokea utautupa wapi? Na mpaka kazi iishe, watoto wetu watakula nini, na watalima wapi?

Ndugu msomaji, uyoga ni mfanyakazi mwema. Bila uyoga wa magogo, misitu yetu ingalifunikwa na miti iliyokufa tangu zamani, wala hapangekuwa mahali pa mti mpya. Tumpe mfanyakazi huyo kazi aliyoiweza, tusimtwike asiyoiweza. Nawe mama unayerudi kesho alfajiri na beseni kichwani, kama umepita njia ya mbali kwa ajili ya kuchuma mahali pasafi, sema bei yako bila haya. Mwenye akili atakulipa.